Mgeni avue viatu kwanza

Sisi watu wa Pwani tumeambiwa neno moja mara nyingi hata tumekoma kulihoji, nalo ni kwamba anayetaka wageni hana budi kulegeza mila yake. Tukisema kuwa mgeni anapita mbele ya msikiti nusu uchi wakati wa adhana, tunajibiwa kuwa hiyo ndiyo biashara ya utalii, na kwamba tukimkaza atakwenda kwingine na pesa zake. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji apotee. Leo nataka kulipima neno hilo kwa mizani ya mji ulio mbali mno na bahari yetu, mji wa Sapporo huko kaskazini ya Japani, ambako nilikaa siku tano mwezi wa Februari, katikati ya baridi, katika hoteli yenye kila starehe ambayo msafiri aliyechoka angeitamani.

Sapporo ni mji mkuu wa kisiwa cha Hokkaido, na una watu wapatao milioni 2. Miezi ileile ambayo sisi tunavumiwa na kaskazi, wao huvumiwa na upepo kutoka Siberia. Upepo huo ukivuka bahari ya Japani hunywa maji njiani, na ukiifikia nchi kavu huyamwaga kwa namna ya theluji. Lau theluji yote inayoanguka mjini tangu mwanzo wa baridi hadi mwisho wake ingepimwa pamoja, ingefika kama mita 5. Ni nadra kupata mji mkubwa kiasi hicho chini ya theluji nyingi kiasi hicho. Anayekijua kipupwe chetu cha mwezi wa Julai, pale watu wanapotafuta sweta kwa sababu ya nyuzi 22, asidhani kwamba anaijua baridi. Usiku niliofika ilikuwa nyuzi 9 chini ya sifuri.

Safari yenyewe haina hadithi. Ni ndege juu ya ndege, kisha treni ya dakika 40 hivi kutoka uwanja wa New Chitose hadi katikati ya mji. Jambo moja tu lilinichekesha. Japani iko mbele yetu kwa saa 6 kamili, na hesabu yetu ya Kiswahili nayo inapishana kwa saa 6 na hesabu inayoandikwa kwenye saa. Kwa hivyo Mswahili asiyeigusa saa yake ya mkononi, akaisoma kwa Kiswahili kama alivyozoea, atakuwa anasoma saa ya Kijapani sawasawa. Sikuigeuza saa yangu mpaka nikarudi nyumbani.

Hoteli niliyoshukia ilikuwa ya ghorofa nyingi, lakini sehemu yake moja ilijengwa kwa mtindo wa kale, na huko ndiko nilikopewa chumba. Ukifungua mlango unakuta kijisehemu kidogo cha mawe, na mbele yake kizingiti. Hapo ndipo viatu vinapokoma. Mama mmoja wa makamo aliyenipeleka hakuniomba nivue wala hakuniamrisha. Alinionyesha kwa mikono miwili, akangoja. Nilipopanda, alipiga magoti akavigeuza viatu vyangu vikaelekea mlangoni, tayari kwa kutoka. Mtoto wa Mji wa Kale hahitaji kufundishwa kuvua viatu, lakini niliwaona wageni wengine, watu wazito wenye mabegi ya bei kubwa, wakishika ukuta kwa mkono mmoja na kuhangaika na kamba za buti zao kwa mkono wa pili. Wote walivua. Hakuna aliyeudhika, wala hakuna aliyehama hoteli.

Ndani kumetandikwa mikeka minene ya nyasi, laini mguuni, yenye harufu ya shamba. Kila mkeka una urefu wa mtu aliyelala, na chumba hakipimwi kwa futi bali kwa mikeka. Changu kilikuwa cha mikeka 8. Mkeka haukanyagwi hata kwa ndara. Kuna ndara za ukumbini na kuna ndara za chooni, na za chooni hazitoki chooni. Jioni huja watu wakatandika godoro chini pamoja na mfarishi mzito, na asubuhi wakaliondoa, chumba kikarudi kuwa sebule. Madirisha yana vioo viwili viwili, joto limeenea sawasawa, na birika la maji moto liko tayari pamoja na chai ya majani mabichi na peremende ya maharagwe. Unakaa na shati jepesi huku nje theluji inaanguka bila sauti yoyote. Nakiri kwamba sijapata kulala vizuri namna ile katika nyumba ya kulipia. Na bakshishi haipokelewi. Mfanyakazi anaona heshima yake imo katika kazi yake, na mshahara wake umo katika hesabu uliyokwisha kulipa.

Sasa choo, na msomaji aniwie radhi, maana jambo hili kwetu ni la dini. Kila Mwislamu wa Pwani aliyepata kusafiri anajua habari ya kopo. Tunakwenda nchi za watu na kopo au chupa ndani ya begi, kwa sababu wenzetu wengi huko nje wametosheka na karatasi. Japani unaweza kuliacha kopo nyumbani. Choo chao kina bomba dogo ndani yake linalotoa maji, tena ya vuguvugu, na kitako cha kiti kimepashwa moto. Kampuni ya TOTO ilianza kuuza vyoo vya namna hiyo kwa jina la Washlet mwaka 1980, na leo nyumba nyingi za nchi ile zinavyo, sembuse hoteli. Hawakutufikiria sisi walipovitengeneza. Walifuata upendo wao wenyewe wa usafi, na huko mbele tukakutana nao.

Juu ya mto niliwekewa vazi la pamba mfano wa joho jepesi, liitwalo yukata, pamoja na mshipi wake. Mgeni huruhusiwa kulivaa humo hotelini hata chumba cha kulia. Kando yake palikuwa na karatasi yenye picha inayofundisha namna ya kulifunga, yaani upande wa kushoto uje juu ya upande wa kulia, na si kinyume chake, kwa kuwa kinyume chake ni namna ya kumvisha maiti. Niliipenda karatasi ile kuliko vyote vilivyokuwamo chumbani. Ilimweleza mgeni desturi na sababu yake kwa maneno machache, kwa adabu. Haikumtaka radhi kwa kuwa na desturi.

Ibada ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotishwa. Kwetu Mombasa tuko karibu sawasawa kusini ya Makka, ndiyo maana kibla chetu ni kaskazini, na wazee husema kibla wakikusudia kaskazini. Sapporo kibla ni magharibi iliyopinda kidogo kuelekea kaskazini. Mji wenyewe ulichorwa kwa mistari iliyonyooka kama ubao wa dama, na anwani zake ni hesabu za pande za dunia: Kaskazini 14, Magharibi 3, na kadhalika. Anayejua maneno mawili tu, kita kwa kaskazini na nishi kwa magharibi, anaweza kukisia kibla akiwa amesimama njia panda, akakithibitisha kwa dira yake. Siku ni fupi. Mwanzo wa Februari adhuhuri inaingia saa 6 kasoro dakika 10, alasiri saa 8 na nusu, na magharibi kabla ya saa 11 jioni. Aliyezoea kuahirisha adhuhuri kwetu atashtukia imempita. Lakini nilikuwa na siku tatu kamili ukiondoa ya kufika na ya kuondoka, na kwa madhehebu yetu ya Shafii msafiri wa namna hiyo anakusuru na kukusanya.

Tena kuna ule mlango wa kupaka maji juu ya khofu, zile soksi za ngozi. Sote tuliusoma chuoni tukiwa na miguu mitupu, jasho linatutoka, tukihesabu siku moja na usiku wake kwa mkazi, siku tatu na nyusiku zake kwa msafiri, bila kuelewa una faida gani kwa mtu wa Lamu. Nendeni Sapporo mkatawadhe katika choo cha stesheni, mlango unafunguka na upepo unaingia. Mlango ule utafahamika wote kwa dakika moja.

Msikiti upo, jirani na Chuo Kikuu cha Hokkaido, na wanaoujaza wengi ni wanafunzi wa chuo hicho kutoka nchi mbalimbali za Kiislamu. Uislamu si mgeni wa juzi Japani. Msikiti wa Kobe ulifunguliwa mwaka 1935, ukanusurika mabomu ya 1945 na tetemeko la ardhi la 1995, na hadi leo unasaliwa.

Taabu iko kwenye chakula, na hapo sitaki kumdanganya mtu. Mji ule unasifika kwa supu ya tambi, na supu hiyo aghalabu ni ya mifupa na mafuta ya nguruwe. Unasifika kwa nyama ya kondoo inayochomwa mezani, ambayo haikuchinjwa kwa bismillahi. Unasifika kwa bia tangu karne ya 19, na mabango ya bia yako kila upande. Hata samaki, ambaye ungedhani ni salama, hupikwa mara nyingi kwa kiungo kiitwacho mirin, ambacho ni mvinyo mtamu wa mchele. Dawa yake ni kujifunza maneno matatu, buta ambayo ni nguruwe, sake ambayo ni pombe, na hiyo mirin, na kuuliza kabla ya kuagiza. Niliwaambia hotelini siku moja mbele, wakaniandalia samoni aliyechomwa kwa chumvi tupu, viazi, mahindi, mayai na wali mweupe. Na maziwa na siagi ya Hokkaido havina mfano. Makaa makubwa ya baharini, miguu yao mirefu kama mikono ya mtoto, yalipangwa mezani kwa wenzangu. Kuhusu kaa nawaachia masheikh.

Ninalotaka lishikwe ni kwamba mpishi hakukereka kuulizwa. Mtu anayeshika masharti yake mwenyewe haoni ajabu kwa mwenzake kuwa na masharti. Nimekula katika miji ambayo watu wake wamekwisha kuacha kila kitu, na huko ndiko swali la nguruwe lilikoonekana ushamba.

Mji nao una tabia hiyohiyo. Kila Februari kuna sikukuu ya theluji katika bustani ya Odori, bustani nyembamba yenye urefu wa kilomita 1.5 inayogawa mji kaskazini na kusini. Watu zaidi ya milioni 2 huja kutazama majumba na sanamu zilizochongwa kwa theluji, mengine yana urefu wa ghorofa kadhaa na hujengwa kwa msaada wa askari wa jeshi lao la kujihami, walioanza kushiriki mwaka 1955. Sanamu za viumbe nilizipita. Majumba niliyasimamia mpaka vidole vikafa ganzi. Lakini sikukuu hii haikuanzishwa na idara ya utalii. Mwaka 1950, vita vimekwisha na watu wamechoka, wanafunzi wa shule za sekondari walichonga sanamu 6 katika bustani hiyo kwa ajili ya kujifurahisha wao na wenzao. Wageni walikuja baadaye wakakuta furaha ya wenyewe inaendelea, kama wanavyoikuta Maulidi ya Lamu, ambayo haikuwekwa kwa ajili ya mtalii na haiahirishwi kwa ajili yake.

Hata reli ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa Desemba 1971 kabla ya Michezo ya Olimpiki ya baridi ya Februari 1972, ya kwanza ya namna yake kufanyika Asia, ilijengwa imsaidie mkazi anayekwenda kazini. Treni zake zina magurudumu ya mpira, na pale njia inapotoka juu ya ardhi imefunikwa kwa paa kama bomba ili theluji isiizibe. Tangu mwaka 2011 unaweza kutembea kwa miguu chini ya barabara kutoka stesheni kuu hadi Odori bila kuonja baridi. (Kwa vile nimetaja Olimpiki ya baridi: Mkenya wetu Philip Boit alikuwa wa kwanza kutuwakilisha katika michezo hiyo, na ilikuwa Japani vilevile, mjini Nagano mwaka 1998. Alifika wa 92, wa mwisho, na mshindi Bjørn Dæhlie akamngoja mstarini amkumbatie.)

Nimeiacha hamamu makusudi hadi sasa, kwa kuwa ndipo hoja yangu inapopata uzito, na ndipo inapoanza kunisumbua.

Hokkaido ina chemchemi nyingi za maji ya moto yatokayo ardhini, na hoteli nzuri haiwi nzuri bila hamamu ya maji hayo. Ya hoteli yangu ilikuwa ghorofa ya juu, wanaume mbali na wanawake mbali. Masharti yake ni makali. Kabla hujagusa hodhi unakaa kwenye kigoda, ukajisugua kwa sabuni toka utosini hadi nyayoni, ukajisuuza hata pasibaki povu. Taulo haliingii majini. Nguo haiingii majini, hata kikaptura, kwa kuwa nguo kwao ni uchafu ndani ya maji wanayoshirikiana. Kwa hivyo wote wako uchi, baba na mwana, mkubwa na mdogo, wala hawaoni haya wala hawatazamani.

Sisi tumekatazwa. Uchi wa mwanamume, kati ya kitovu na magoti, haufunuliwi hata mbele ya wanaume wenzake. Nilikwenda mapokezini nikaeleza kwa maneno machache. Binti aliyekuwapo hakuniambia kwamba nitavumiliwa na kaptura yangu siku hiyo moja, na nashukuru hakuniambia hivyo. Alifungua daftari, akanionyesha kwamba iko hamamu ndogo ya kukodishwa kwa saa, yenye mlango na kufuli, ambayo familia na wazee huitumia. Nililipa, nikajisugua kwanza kama wao, nikaingia peke yangu katika maji ya moto huku dirisha limejaa theluji. Sharti lao halikuvunjwa, wala langu. Hapo ndipo nilipojiambia kwamba hoja imekwisha: mgeni anaweza kustareheshwa hadi mwisho wa starehe bila mwenyeji kuuza hata chembe ya mila yake.

Kisha nikasoma kibao mlangoni. Kilisema kwamba wenye chale mwilini hawaruhusiwi. Sharti hili liko katika hamamu nyingi za Japani, na sababu yake inajulikana, ya kwamba chale kwa muda mrefu zilikuwa alama ya magenge ya wahalifu. Ni sharti kama masharti mengine, ungesema. Lakini mwaka 2013 mwanamke wa kabila la Maori kutoka New Zealand, mwenye chale za heshima za kwao usoni, alizuiwa kuingia katika hamamu moja ya Hokkaido. Alikuwa amekuja kisiwani kwa mkutano wa lugha za wenyeji asilia, kuwasaidia watu wanaojaribu kuihuisha lugha yao. Watu hao ni Waainu.

Basi hapa ndipo panaponisumbua. Hokkaido ilikuwa nchi ya Waainu. Wajapani waliiita Ezo mpaka mwaka 1869, serikali ya Meiji ilipoipa jina jipya, ikaweka idara ya kuiendeleza, na kuanza kuujenga mji wa Sapporo kwa mistari ile iliyonyooka niliyoisifu kwa kunisaidia kupata kibla. Mwaka 1871 wanawake wa Kiainu walikatazwa kuchanja chale midomoni na mikononi, ambazo kwao zilikuwa pambo la mwanamke mzima, na wanaume wakakatazwa vipuli. Walizuiwa kuvua samoni katika mito yao wenyewe, samaki yuleyule niliyeletewa mezani nikamsifu. Sheria ya mwaka 1899 ilidai kuwalinda. Iliwapa vipande vya ardhi wawe wakulima, na watoto wao wakasomeshwa kwa Kijapani. Sheria hiyo ilidumu hadi 1997. Bunge liliwatambua kuwa wenyeji asilia kwa azimio la mwaka 2008, na sheria ikasema hivyo mwaka 2019. Hata makaburi hayakuachwa. Chuo kikuu kile ambacho msikiti wetu uko jirani nacho kilihifadhi mifupa ya Waainu zaidi ya 1,000 iliyofukuliwa kwa ajili ya uchunguzi, na ni mwaka 2016 ndipo ya kwanza iliporudishwa kwao ikazikwa tena kwa amri ya maafikiano ya mahakamani. Mwislamu anayejua hurumu ya kaburi hana haja ya kuelezwa zaidi.

Kwa hivyo huyu mwenyeji aliyenifurahisha kwa kuishika mila yake, mahali pale alikuwa mgeni aliyeingia bila kuvua viatu.

Siku ya nne nilipanda treni hadi Shiraoi, mwendo wa saa moja hivi, kuitazama nyumba ya makumbusho ya Waainu iitwayo Upopoy, iliyofunguliwa Julai 2020 kando ya ziwa. Niliona nguo zilizofumwa kwa nyuzi za magome ya mti, na nyumba za nyasi zenye meko katikati. Vibao vya humo vimeandikwa Kiainu kwanza, kisha ndipo Kijapani. Wako Waainu wanaosema kuwa serikali imejenga makumbusho ya kuwafurahisha watalii na kuuacha mto na samaki wake. Hilo ni teto la haki, na jumba zuri halilijibu. Lakini huko nilikutana na jina la Chiri Yukie, binti aliyezaliwa Noboribetsu mwaka 1903. Alikuwa amezisikia tenzi za mababu kutoka kwa bibi yake, akaziandika kwa herufi za Kilatini na kuzitafsiri kwa Kijapani, wakati ambao wengi waliamini kwamba lugha ile haifai kuandikwa. Alifariki mwaka 1922, na miaka 19 tu. Kitabu kilitoka mwaka uliofuata. Kwetu, ambako tenzi nyingi ziko salama leo kwa sababu mtu mmoja alikaa chini na kalamu na wino, binti huyu asingehitaji kujulishwa.

Nilipokuwa nikirudi nilitazama majina ya stesheni. Majina mengi ya kisiwa kile ni ya Kiainu, yamevishwa maandishi ya Kijapani; yanayoishia na betsu na nai aghalabu ni mito, kwa maneno ya Kiainu ya mto na kijito. Sapporo lenyewe ni jina la mto wa Kiainu. Hili lilikuwamo ndani ya ile karatasi ya chumbani, mstari mmoja chini, baada ya kufunzwa kufunga vazi. Mstari mmoja ni haba. Hata hivyo nimelala katika hoteli za Pwani yetu, nyingine zimebeba majina ya mitaa yetu na mashujaa wetu, na sijapata kuona hata mstari huo.

Shauri langu kwa wenye hoteli kutoka Lamu hadi Vanga ni dogo, halihitaji mkopo wa benki. Iwekwe karatasi moja katika kila chumba. Iseme adhana ni nini na inaadhiniwa mara ngapi, mtu avae vipi akipita mtaani, kwa nini viatu vinaachwa nje ya nyumba, mwezi wa Ramadhani unaangukia lini mwaka huo, na jina la mahali lina maana gani na ni la akina nani. Hakuna mgeni atakayekimbia. Wale waliohangaika na kamba za buti Sapporo ndio haohao wanaokuja kwetu.

Ila isiandikwe ofisini. Wenye hoteli wengi si watu wa mahali, na wako waliopata viwanja vyao kwa njia ambazo mtaa haujazisahau. Waitwe wazee wa mtaa wenyewe, na wavuvi ambao njia yao ya kwenda ufuoni imezibwa kwa ukuta wa hoteli, na Mijikenda wenye kaya zao nyuma ya pwani, kwa kuwa sisi wenyewe tuna majirani ambao majina ya mito na vilima vyao tunayatamka kila siku bila kuwauliza. Waandike wao, na hoteli ichape.